Mwalimu Anayeanika Hadithi Darasani

Saa mbili kasorobo asubuhi, kengele haijalia. Mwalimu amesimama juu ya dawati, viatu kaviacha chini, anafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi mlangoni. Mdomoni ameuma vibanio viwili.

"Leo tunaanika hadithi," anatangaza akishuka. "Mwenye hadithi mbichi ajihadhari!"

Wanafunzi hamsini na wawili wa darasa la tano wanaangua kicheko. Wanamwita Mama Kamba, naye huitika bila kinyongo.

Ana miaka kumi na tisa kazini, na jambo lililomkera miaka yote hiyo ni moja. Mtoto anasoma hadithi mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ya kupendeza, kisha ukimuuliza kumetokea nini, anakutolea macho. "Walikuwa wanameza maneno kama vidonge," anasema.

Muhula uliopita akaamua kuwachorea. Mlima mkubwa ubaoni: chini mwanzo wa hadithi, ubavuni vikwazo, kileleni pale mambo yanapopamba moto, upande wa pili mwisho. Akajiona amepatia. Ukaja mtihani, watoto waeleze kwa ufupi hadithi ya mbuzi aliyepotea sokoni.

Lo! Wanafunzi thelathini na mmoja waliandika kwamba mbuzi alipanda mlima.

"Mmoja alimvalisha koti, eti juu kuna baridi," anasimulia akijishika mbavu. "Nilicheka, halafu nikalia kweli. Kosa lilikuwa langu. Niliwachorea mlima, sikuwaambia ni wa nini."

Mwalimu mkuu hakucheka hata kidogo. Alimpa muhula mmoja tu: watoto wakishindwa tena, darasa anapewa mwingine na michoro ikome. Kwa mwanamke anayemtambua kila mtoto kwa mwandiko wake, maneno hayo yalimkata maini.

Jioni hiyo alikuwa anaanua nguo huku akimsimulia mumewe, fundi seremala, yaliyomkuta. Kila alipotaja jambo, shati moja linashuka.

"Mama watoto," mume akamkatiza, "mbona umeshapata? Hebu waanikie!"

Siku hizi kila tukio linaandikwa kwenye kipande cha boksi na kubanwa kambani kwa mpangilio. Vibanio vyote ni vya mbao, isipokuwa kimoja chekundu. Hicho kinakaa kwenye kilele tu, na ndicho kinacholeta ugomvi mtamu.

Leo ndiyo siku ya hukumu. Mwalimu mkuu ameketi nyuma, miwani puani, na hadithi ameichagua mwenyewe: mwokaji amesahau chumvi kwenye mikate ya harusi ya dada yake. Watoto wanaiona kwa mara ya kwanza. Mama Kamba haruhusiwi kusema neno.

Nusu ya darasa inabana chekundu pale mikate inapoonjwa. Wengine wanapiga kelele, "Siyo hapo!" Ndipo binti mmoja mpole, ambaye mwalimu anasema hajawahi kunyoosha mkono, anainuka na kukihamisha vipande viwili mbele.

"Mkate usio na chumvi ni tatizo tu," anasema kwa sauti ndogo. "Hapa dada anamuuliza mwokaji nani kaharibu. Angeweza kumsingizia msaidizi wake. Akasema, 'Ni mimi.'"

Mwalimu mkuu anavua miwani.

"Mimi ningekibana kwenye mkate," anakiri. Anamgeukia mwalimu. "Darasa ni lako. Na hiyo kamba, madarasa mengine sita yataihitaji."

Mama Kamba anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, bila kujificha.

"Natamani mtoto akitoka hapa, hata akisikia jambo mtaani, ajiulize limeanzia wapi na limegeukia wapi, kabla hajalibeba," anasema. Wiki ijayo ataanza kuwafundisha walimu wenzake kila siku baada ya masomo. Aliyejiandikisha wa kwanza ni mwalimu mkuu.

"Nimeshamwambia akae mbele," anasema Mama Kamba, "maana wa nyuma huwa wanasinzia."