Riwaya Niliyompendekezea Dada

Ukitaka ofisi ya walimu inyamaze ghafla, taja neno uchawi. Wageni wanaohamishiwa Kasulu hufika wakiwa wameshatishwa huko watokako: eti Kigoma, eti Waha, eti usipokee ndizi kwa mtu usiyemjua. Siku niliposema kwamba riwaya ninazozipenda kuliko zote ni za uchawi, mwalimu mmoja wa Jiografia alicheka kidogo, kisha akakisogeza kikombe chake cha chai upande wake. Nilikasirika. Mimi ni Muha wa Heru Juu, nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na uchawi pekee ninaoujua ni wa kwenye karatasi.

Sisemi zile za majoka na falme za mbali. Napenda riwaya ambayo umeme unakatika, mtoto anatumwa chumvi, mtu anagombana na jirani kwa ajili ya kuku, halafu katikati ya hayo kitu kisichowezekana kinatokea na watu wanaendelea na shughuli zao. Ninayo moja ya karani wa ofisi ya ardhi: kila akinyoosha mstari kwenye ramani, kijito nacho kinahama, na wanakijiji wanapanga foleni ofisini kuja kulalamika. Nyingine ni ya mpishi wa shule ambaye uji wake unamfanya anayeunywa aseme kweli tupu mpaka jua lizame, na siku bodi ya shule inakuja kukagua, mwenyekiti anaomba aongezewe kikombe cha pili. Nimewapendekezea watu riwaya hizo mpaka wamenichoka. Ndiyo tabia yangu mbaya. Mtu akiniambia anaumwa kichwa, mimi natafuta kitabu.

Tulizaliwa wawili tu kwetu, mimi na dada yangu mkubwa. Yeye ni muuguzi Kibondo. Mumewe alikuwa bwana shamba, mtu wa Tanga aliyeletwa huku angali kijana akakataa kuhamishwa tena. Kiha chake kilikuwa kichekesho. Aliwasalimu watu "Mwakeye" hata jioni, wakati hiyo ni salamu ya asubuhi, na akina mama wa sokoni wakazoea kumwitikia hivyo hivyo huku wanamcheka. Nilimpenda sana shemeji yangu, na sidhani niliwahi kumwambia.

Mwaka jana, wakati wa masika, pikipiki yake iliteleza kwenye barabara ya udongo akitoka kuwatembelea wakulima. Ndugu zake walikuja kumchukua, akazikwa kwao Tanga. Dada akarudi Kibondo peke yake, kwenye nyumba yenye buti za shambani mlangoni, na kaburi la mumewe liko upande wa pili wa nchi.

Kwa miezi mingi alikuwa mtu wa kwenda kazini na kurudi. Nikimpigia kumjulia hali, anasema, "Nipo." Nikimwuliza amekula nini, anasema, "Nipo, mdogo wangu." Niliogopa kwamba nampoteza naye. Basi nikafanya kitu pekee ninachokiweza, nikamtumia riwaya ya karani kwa basi. Hakusema lolote. Nikamtumia ya mpishi.

Haikupita wiki, akanipigia mwenyewe, anacheka mpaka anakohoa.

"Wewe nawe! Huyo mwenyekiti anavyoitaja nyumba ndogo mbele ya mkewe! Nimewasomea wenzangu wodini, mpaka wagonjwa wanacheka."

Nilikuwa sijakisikia kicheko cha dada yangu tangu msiba.

"Niletee nyingine," akasema. "Ya hivyo hivyo. Ya dunia hii hii."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, chumba chake cha kazi kiko karibu na stendi, na amefiwa na mama yake. Siku moja anabonyeza namba ya mama kwa kukosea, na mama anapokea, anamkaripia kwa kukaa kimya muda wote huo. Tangu hapo wanaongea kila alasiri, fundi yuko kwenye cherehani, mama anamwelekeza jinsi ya kukata kola. Nilikuwa nimefika katikati tu, nikaingiliwa na kusahihisha mitihani. Dada aliponiuliza kama nimeisoma, nikasema nimeisoma yote, na ni tamu kuliko zile mbili. Nilidanganya, nikamtumia, kwa sababu nilitaka acheke tena, na upesi. Niliuwaza uzuri wa kitabu, sikumuwaza mjane atakayekishika.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tisa alasiri, simu yangu ikaita. Alikuwa yeye. Hakusema neno, nilisikia pumzi yake tu, kisha ikakatika. Nilipompigia hakupokea, mara nne. Kesho yake alfajiri nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda basi la kwanza la Kibondo.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Kitabu kilikuwa dirishani, kimekunjwa ukurasa.

"Dada, mwakeye," nikamsalimu, na ilikuwa asubuhi kweli. Akanionyesha ndoo kwa kidevu, akayarudia maharage yake. Nikajivutia ndoo, nikaigeuza, nikakaa karibu naye.

"Ikaita," akasema.

"Nini kiliita?"

"Namba ya shemeji yako. Nilifika pale mama wa fundi anapopokea, nikakiweka kitabu, nikapiga. Ikaita, mdogo wangu. Nikasimama. Nikavaa kandambili, sijui nilidhani nakwenda wapi."

Sikuweza kumwangalia. Simu ya shemeji ilivunjika kwenye ajali, na laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine. Mimi nililijua hilo. Na yeye alilijua, ni mtu mzima aliyesoma, lakini mpaka dakika ile hakuwa na sababu ya kulikumbuka.

"Akapokea mwanaume. Nyuma yake muziki. Mimi hata sikungoja sauti vizuri, nikamwuliza, umeshakula? Akasema, bado mama, kwani nani mwenzangu? Nikakata. Ndipo nikakupigia wewe."

Nilimwambia pole. Nilisema pole mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila moja ilikuwa nyepesi kuliko iliyotangulia.

"Mwishoni inakuwaje?" akaniuliza. "Mama yake anaendelea kupokea?"

"Sijui, dada. Sikukimaliza."

"Ulisema umekisoma chote."

"Nilidanganya."

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. Kitabu nilikuja kukimaliza baadaye. Katika sura ya mwisho fundi mwenyewe anaamua kuacha kupiga, na mwandishi anamwandaa kwa hilo taratibu, kurasa na kurasa, ambazo dada yangu hakuzifikia na mimi sikuwa nazo kichwani za kumwambia.

"Unajua mimi nilikuwa nampigia kila siku," akasema. "Tangu tulipotoka kumzika. Nikitoka zamu, nampigia. Yule dada wa kwenye mtandao ananiambia, namba unayopiga haipatikani kwa sasa, jaribu tena baadaye. Namwambia asante. Kwa sasa, eh? Unaona alivyosema? Hajasema haipatikani basi. Mwaka mzima nilikuwa na mume ambaye hapatikani kwa sasa."

Nililia. Yeye hakulia. Alifuta mikono kwenye kitenge, akatoa simu mfukoni, akanipa.

"Namba ifute wewe. Mimi mkono unakataa. Na nikiiacha nitampigia yule mtu, nimsumbue bure."

Nikaitafuta ile namba. Juu kabisa kwenye orodha ya zilizopigwa ilikuwa yangu, na chini yake ile, na ile tena, na ile tena. Nikazifuta zote, nikaifuta na kwenye majina. Nikamrudishia simu yake.

"Imefutika?"

"Imefutika, dada."

Akaitikia kwa kichwa, akainamia ungo. Kisha, vidole vikiwa kwenye maharage, akaanza kuitaja ile namba taratibu, sifuri, saba, akaendelea mpaka tarakimu ya kumi, bila kukosea hata moja.