Mchoraji: Nduhu

Nyie mnaokusanya magazeti ya zamani ya katuni mnakera. Toleo la kwanza la Pakacha, lile alilotokea Nduhu kwa mara ya kwanza, mnalifunga kwenye nailoni, mnatambiana nalo mtandaoni, mtu hata kulishika mpaka anawe mikono. Halafu chini mnaandika "kazi ya gwiji Cornel." Gwiji! Tulieni niwape habari za Salvina wa Ushirombo.

Salvina ni fundi wa mabango. Ukipita Ushirombo ukaona kichwa cha mwanamke kimesukwa kikapendeza kwenye ukuta wa saluni, au ng'ombe anachekelea mlangoni mwa bucha kama vile hajui kinachomsubiri, huo ni mkono wake. Baba yake, Mzee Wilbard, ni Msumbwa wa hapohapo. Mama yake katokea Samuye, Msukuma kindakindaki, kwa hiyo pale nyumbani Kisukuma kilikuwa kinawatoka chenyewe.

Salvina akiwa binti wa darasa la saba, Mzee Wilbard alimpangisha chumba kijana wa Dar aliyekuja kufuata dhahabu. Ndiye Cornel. Dhahabu hakuiona. Alichokiona ni karatasi za mifuko ya saruji alizokuwa anachorea yule binti: mchimbaji mwembamba kama ufito, karai la kuoshea mchanga kalivaa kama kofia, mguuni gambuti moja tu. Mguu wa pili uliishia kwenye ugoko, maana karatasi ilichanika hapo.

"Huyu anaitwa nani?" Cornel akauliza.

Salvina alikuwa anamenya viazi na hakuwa amempa jina bado. Akajibu kama ambavyo angemjibu mama yake: "Nduhu."

Kwa Kisukuma, nduhu ni "hakuna". Basi.

"Jina kali hilo," Cornel akasema. Wiki ileile akahama, na karatasi zote zikahama naye.

Pakacha ilipotoka, nchi nzima ikamcheka Nduhu na karai lake, gambuti moja, mguu mmoja peku. Watoto wakavaa masufuria kichwani, wakapigwa na mama zao. Wasukuma nao walicheka, wakidhani jina lenyewe ndiyo utani. Hakuna aliyemwambia Cornel, kwa sababu kila mtu aliamini anajua.

Salvina alinunua nakala moja sokoni. Kwenye jalada paliandikwa "Mchoraji: Cornel". Akachukua wembe, akalikwangua jina likatoka lote, neno "Mchoraji" akaliacha. Halafu akaliweka gazeti chini ya godoro, likakaa huko mpaka amekuwa mke na mama wa mtoto.

"Mama Jenifa, achana naye," mume wake Festo alikuwa anamwambia. "Mungu atamlipa."

"Mungu ana kazi nyingi, baba. Hii nitamsaidia."

Mwaka huu Abdulshakur, mfanyabiashara wa vipuri wa Kahama anayekusanya haya magazeti kuliko anavyouza vipuri, akaandaa maonyesho ukumbini. Mgeni rasmi: Cornel. Salvina akavaa kitenge chake cha kwendea misa, akapanda basi na gazeti lake.

Ukumbi ulijaa. Cornel, kitambi mbele, kipaza sauti mkononi, akaulizwa jina la Nduhu alilitoa wapi.

"Nilikaa Ushirombo na mzee mmoja mchimbaji," akasema kwa huzuni ya kujitengenezea. "Mzee Nduhu. Alinilea kama mwanawe."

Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Mama mmoja akabinya pua asicheke. Mzee Hakuna! Cornel akatabasamu, akidhani wamempenda.

Ilipofika zamu ya kusaini, Salvina akasogea. "Shikamoo, kaka Cornel."

"Marahaba, mama. Karibu." Hakumkumbuka.

"Gazeti langu panya wamekula hapa kwenye Mchoraji. Niandikie tu Nduhu, ndiye tunayempenda. Halafu usaini."

Cornel akaandika, kwa mbwembwe, na mkia wa saini ukazunguka ukurasa. Salvina akalichukua, akachukua na kipaza sauti mezani.

"Mchoraji: Nduhu!" akasoma. "Na kasaini mwenyewe!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga meza. Ngusa, muuza vocha, akapanda kwenye kiti akapiga kelele, "Mchoraji hakuna! Kakiri!"

Cornel anageuka huku, anageuka kule. "Kuna nini? Nimekosea nini?"

"Uliniuliza anaitwa nani, nikakwambia nduhu. Hana jina," Salvina akamwambia. "Huyo mzee aliyekulea ni yupi? Aliyekupa chumba ni baba yangu. Na anaitwa Wilbard."

Mtu akapoa kama uji wa jana. "Salvina?"

"Eee. Umelikumbuka jina ambalo lipo."

Cornel akamsogelea, akanong'ona, "Dada, twende pembeni tuyamalize."

"Nduhu," Salvina akamjibu, kwenye kipaza sauti.

Abdulshakur alimfuata mpaka stendi akimbembeleza amuuzie lile gazeti. Hakuuza. Amelibandika kwenye kibanda chake cha mabango, usawa wa macho, na kila mteja anasomewa.

Sasa wewe mwenye toleo la kwanza. Litoe kwenye nailoni. Chukua wembe, kwangua jina la Cornel, andika Salvina kwa wino usiofutika. Najua thamani itashuka. Ndiyo maana nakuomba.