Sahihi ya Mama Katika Mkutano wa Bonde

Udongo wa kinyungu una harufu yake. Huku Iringa tunaita kinyungu lile tuta la bustani linaloinuliwa bondeni, pale ambapo maji hayakauki, ili watu walime hata wakati wa kiangazi. Julai kule juu mlimani kila kitu kilikuwa kimekauka, na ukungu wa asubuhi uliuma vidole. Chini bondeni, jembe la mama lilipozama, ilipanda harufu nzito ya majani yaliyooza, ya maji yaliyotuama muda mrefu, na ya mahindi mabichi yaliyoanza kubeba. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa ameshafariki, na sisi watoto watatu pamoja na bibi tulikula kutoka vinyungu vya mama tangu Juni hadi mvua za kwanza. Bila bonde tungekula nini, sikuwahi kujiuliza.

Mwaka huohuo mwalimu wetu wa Uraia, kijana aliyetoka chuoni karibuni, alitufundisha demokrasia. Alisema ilianza Ugiriki ya kale, katika mji wa Athene, ambako watu walikusanyika kilimani, wakajadili mambo yao na kuyaamua kwa kunyoosha mikono. "Watu wote?" niliuliza. "Wanaume huru," akajibu. "Wanawake na watumwa hawakuwemo." Darasa likacheka, wavulana zaidi. Akaongeza kwamba hayo yalikuwa ya zamani, leo kila mtu ana sauti. Nilipomsimulia bibi, hakushangaa hata kidogo. Alisema enzi za watwa, watawala wetu wa Kihehe, wanaume walikaa barazani na wanawake wakakaa jikoni, "na ukipeleka pombe unasikia nusu ya shauri, nusu nyingine unaijua ikishakupata." Nilimhurumia. Nilimhurumia pia mwanamke wa Athene nisiyemjua. Nilijiona nimezaliwa wakati mzuri.

Siku chache baadaye ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Tajiri mmoja wa mjini alilitaka bonde letu apande milingoti, yaani mikaratusi, ya nguzo za umeme, na ilibidi wananchi waulizwe. Kwenye uwanja wa shule mtendaji wa kijiji aliweka meza na daftari la mahudhurio, kila anayefika aandike jina na kusaini. Mama alijifunza kuandika ukubwani, katika madarasa ya kanisani. Alishika kalamu kama anayeshika sindano, akaandika majina yake yote matatu huku foleni ikimsubiri.

"Mama Neema, unamwandikia askofu barua?" jirani mmoja alimtania.

"Nyamaza, wewe wa dole gumba," mama akamjibu, na foleni nzima ikacheka.

Zamu ya maswali ilipofika, mama alisimama. "Mwenyekiti, mlingoti unakunywa maji kuliko ng'ombe. Tukiupanda, bonde hili litakuwa uwanja wa mpira. Watoto wetu watakula nguzo?" Makofi yalilipuka. Wengine wakasimama baada yake, wakasema yaleyale kwa ukali zaidi. Mwenyekiti hakumwomba mtu yeyote anyooshe mkono. Alisema maoni yamepokelewa na mazungumzo yataendelea, akapaza sauti, "Kijiji oyee!" Tukaitikia wote, hata sisi watoto tuliokuwa tumekaa ukutani. Tulirudi nyumbani kama watu walioshinda.

Kabla mahindi hayajakomaa, vijana walikuja na kamba na vigingi, wakaanza kupima mashimo katikati ya vinyungu. Mama alikwenda ofisini bila kunawa miguu, nami nikamfuata. Mtendaji hakutufokea, na hilo ndilo ambalo sijamsamehe mpaka leo. Alitukaribisha kwenye benchi, akafungua jalada, akasoma kwa sauti ya upole kwamba wananchi wote kwa kauli moja wameridhia. Kisha akageuza ukurasa. Karatasi za mahudhurio zilikuwa zimebanwa nyuma ya muhtasari, na juu yake palikuwa pameandikwa kichwa kipya: Walioridhia.

"Mama, sahihi hii si yako?"

"Ni yangu. Lakini pale nilisema tu kwamba nimefika."

"Umefika, umesikiliza, umesaini. Sasa shida iko wapi?"

Mwandiko wa mama ulikuwa safi kuliko yote katika ukurasa ule. Tulivuna mahindi machanga, tukayala siku chache, yakaisha. Kiangazi kilichofuata bibi alishindia uji mwembamba, na kaka yangu aliacha shule akaenda Mufindi kupasua mbao. Katika mtihani tuliulizwa maana ya demokrasia. Niliandika: utawala wa watu. Nikapata vema.

Sasa naishi Mbeya, na kazi yangu ya habari hunipeleka mikutanoni kutoka Mbalizi hadi Iringa. Kila niendako daftari hutangulia hoja, na kila msemaji hutukumbusha jinsi tulivyoendelea kuliko watu wa kale. Watu wa kale siwapendi. Waliwafungia wanawake mlango, na mlango ule ulikuwa dhuluma. Lakini aliyefungiwa alijua amefungiwa, na sijasikia kwamba walitoka barazani wakitangaza kuwa wa jikoni naye ameridhia. Hawa wetu walimfungulia mama mlango, wakampa kalamu, wakampigia makofi, kisha wakatumia mkono wake mwenyewe kumwondoa shambani. Nikiulizwa dhuluma ipi ni kubwa zaidi, sitafuti maneno ya adabu. Ni hii ya kwetu.

Milingoti imeshakatwa na kuchipua tena, na bonde halina maji. Mama ana mvi kichwa kizima, lakini hakuna mkutano unaompita. Hufika mapema, husimama, huuliza, huwakera wakubwa. Mtendaji wa sasa, binti mdogo mwenye heshima zake, humfuata na kalamu mkononi.

"Bibi, hujasaini."

"Mjukuu wangu, umeniona?"

"Nimekuona, bibi."

"Basi inatosha."

Kwa mujibu wa daftari la kijiji, mama yangu hajahudhuria mkutano hata mmoja tangu bonde lichukuliwe.