Fundo la Kiunoni mwa Kabula

Nilipokuwa mtoto, sifa yangu kubwa pale nyumbani Kakese ilikuwa kufunga mafundo. Magunia ya mpunga niliyafunga mimi, na baba alipenda kusema panya itabidi kwanza waende shule ndipo wayafungue. Kichwa kilinivimba. Nilikuwa na miaka tisa.

Mdogo wangu Kabula, wa miaka mitano, hakushikika. Siku ya kusukwa nywele, majirani wote walijua. Ukimpapasa shavu kwa upendo, alijifuta kana kwamba umempaka tope. Bibi, mama yake baba, alikuwa na maelezo: Kabula alipewa jina la marehemu dada yake Bibi, na marehemu ameshamshika mtoto mkono, ndiyo maana mikono yetu sisi tulio hai inamwasha.

Mchana mmoja baada ya mavuno nilimkuta stoo. Alikuwa amejipenyeza kati ya magunia mawili, la tatu limemwegemea kifuani. Nilidhani limemwangukia.

"Kabula! Umeumia?"

"Hapana. Hapa pananishika vizuri."

Nilimgusa shavu. Hakujifuta. Alipumua taratibu, kama mtoto wa watu wengine.

"Usimwambie Bibi," akasema.

Nilimwambia kabla ugali haujaiva. Ningependa kuandika kwamba niliogopa, maana tulifundishwa kuwa mtoto anayejilaza chini ya mzigo anaita msiba. Niliogopa kidogo. Zaidi nilitaka sifa ya kuleta habari.

Bibi alijipiga paja. "Na nyie mmekaa tu! Marehemu wajina wake anamvuta ardhini, huyu!" Jioni ile ile akasokota uzi mweusi, akautia kipande cha mzizi, wa kumfunga mtoto kiunoni abaki kwetu. "Niitieni fundi wa magunia." Fundi nikaja mbio, meno yote nje.

Mama alimshika mtoto mikono, macho kayaelekeza mlangoni. Kabula alinitazama mimi, si Bibi.

"Dada, unawasha. Dada, sitalia tena nikisukwa. Usifunge."

Nikafunga. Kisha nikavuta kidogo, kujaribu.

Alijikuna wiki nzima mpaka kiuno kikawa kidonda. Mama ndiye aliyeukata ule uzi kwa wembe, bila kumwomba Bibi ruhusa, na hakuna aliyekufa. Lakini stoo ilishatiwa kufuli, na Kabula alianza kuweka nguo zilizokunjwa katikati ya mkeka wetu, mpaka wa yeye na mimi. Bibi alisema uzi utamzuia asituondokee. Kwangu mimi, aliondoka siku ile.

Miaka mingi baadaye, chuoni nilikosomea malezi ya watoto, mhadhiri alieleza kwamba wapo watoto ambao mguso mwepesi unawachoma na uzito unawatuliza. Wenzangu waliandika. Mimi niliangalia vidole vyangu. Bibi alikuwa ameshafariki, hata wa kubishana naye sikuwa naye.

Mwaka juzi nilikwenda Sibwesa, alikoolewa Kabula. Mwanawe mchanga alikuwa akilia kwa sababu ya kofia ya sufu niliyomletea mimi, mtaalamu. Kabula akaivua, akamkaza mtoto kifuani kwa kanga, akaulaza mkono mzito mgongoni pake. Kimya. Hakuna chuo kilichomfundisha.

Nikaona nisipolisema leo sitalisema.

"Kabula, ule uzi. Mimi ndiye niliyemwambia Bibi. Na lile fundo, nilifunga mara mbili, nilikuwa mtoto tu..."

"Mara tatu," alisema, bila ukali, macho kwa mwanawe. "Mafundo nilikuwa nayahesabu kwa kidole."

Niliinua mkono nimshike bega, nikakumbuka, nikaurudisha mapajani.

Bibi aliamini alichokisema, na mama alimwogopa mkwewe. Hao nimeshawasamehe, kama wanauhitaji msamaha wangu. Lakini katika nyumba ile nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nimemgusa Kabula shavu akatulia. Nilijua. Na bado nilivuta uzi, kuona kama umekaza.