Mstari wa Mama Amoit Nilioukataa

Nitawasimulia hii, lakini msicheke kabla sijamaliza, maana aibu yenyewe bado inanifuata kila nikikanyaga Malaba, pale mpakani na Uganda, na sijapata pa kuificha.

Mnajua mimi ni wa Bukhayo, kule Busia, na mnajua nikipewa kacheo kadogo ninavyokuwa. Kuna ile programu ya simu ya kuwekea hesabu ya bidhaa, ya bure kabisa, inayotengenezwa na watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia, na mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho. Kuunda programu mimi siwezi, basi nikawaandikia mwongozo wa Kiswahili kwa anayeanza, hatua kumi na moja, wakaupenda, wakaniachia na kazi ya kukubali au kukataa mapendekezo ya wengine. Jamani! Nilitembea nimeinua kidevu mpaka mke wangu akaniuliza kama shingo inauma.

Siku moja mtu asiye na jina (picha yake ilikuwa mkungu wa ndizi) akapendekeza mstari mmoja uwekwe kabla ya hatua ya kwanza: aliye karibu na mpaka achague mtandao wa Kenya kwa mkono, asiiachie simu ijichagulie, kwa sababu itashika wa Uganda na bando lake halitafanya kazi. Nilikuwa nakunywa chai. Ningebonyeza tu kukubali, yangeisha. Badala yake nikaandika, "Asante, lakini hili kila mtu analijua," nikafunga, nikarudi kwa chai yangu.

Wiki mbili baadaye chama cha akina mama wauza ndizi wa Malaba kikaniita niwafundishe, kwa sababu daftari lao la stoo lilikuwa limelowa mvua mara ya pili na hakuna aliyejua tena nani ameleta mikungu mingapi. Waliacha vibanda siku ya soko, siku wanayoitegemea, wakakaa kwenye benchi za kanisa simu mkononi. Mwenyekiti akanivuta kando.

"Mwalimu, hawa nimewaleta na maneno mingi. Hii kitu ikikataa leo, hawatarudi."

Na mimi, kwa kujiamini kwangu (hapa ndipo nilipojichimbia shimo), nikasimama mbele nikatangaza: "Fuateni maandishi vile yalivyo. Msiongeze yenu hata kidogo!"

Hatua ya kwanza, washa data. Hatua ya pili, fungua ukurasa. Ukurasa haufunguki. Simu zikaanza kulia ting, ting, benchi baada ya benchi, nami bila hata kuuliza ni ujumbe gani nikasema shida ni simu zao za kizamani, nikachukua yangu, nikaiunganisha na projekta ya kanisa ili waone simu ya mtu anayejua kazi, na hapo ukutani, nyuma ya madhabahu, herufi kubwa zikatokea: Karibu Uganda.

Kanisa zima likasoma. Halafu mama mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Kumbe tumevuka? Na sijabeba kitambulisho."

Walicheka mpaka wengine wakashikilia benchi.

"Lakini nyinyi ni watu wa hapa," nikajitetea. "Mbona hamkubadilisha mtandao?"

"Si umesema tusiongeze yetu?"

Ndipo akasimama katibu wao, Mama Amoit, mama mpole aliyenipokea na soda asubuhi hiyo. Akavaa miwani. "Mimi niliongeza kitambo," akasema. "Nikajibiwa." Simu yake ilikuwa imeshika mtandao wa Kenya tangu asubuhi, akafungua, akasoma jibu langu neno kwa neno, na pembeni pale nikauona ule mkungu wa ndizi. Safari hii hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Nikaomba msamaha pale pale.

"Sisi tunajua, ni ukweli," akasema. "Lakini dada yangu wa Moding, hakai hapa mpakani, akikuja kunishikia stoo, yeye atajuaje? Si hii mwongozo ni ya mtu anaanza?"

Mwenyekiti akauliza nani bado anataka kuendelea, nikainamisha kichwa nisione. Nilipokiinua, mikono ilikuwa juu, lakini kwa sharti: Mama Amoit aseme, mimi niandike, halafu nikae benchi nifuate kama mtu asiyejua lolote. Nikakaa. Hatua ya sita nikakwama (yangu mwenyewe, jamani!), nilikuwa nimeandika "maliza usajili" bila kusema mtu abonyeze wapi.

"Hii pia kila mtu anajua?" akaniuliza Mama Amoit, na hapo hata mimi nikacheka.

Tulimaliza saa tisa, na hesabu ya ndizi ikaingia yote. Sasa mstari wake ndio unaofungua mwongozo, na jina lake liko juu ya langu. Nimeapa sitakataa tena neno la mtu yeyote kabla sijakaa pale alipokaa yeye nikalijaribu. Na nikifika Malaba, kabla hata sijasalimia, lazima mmoja aniite kutoka kwenye ndizi: "Mwalimu, leo uko nchi gani?"

Huwa naangalia simu kwanza, ndipo najibu.