Mshika Kibendera Asiyesema "Sikuona"

Wasomaji wangu, Jumanne tulimzika mtu ambaye baadhi yenu mmewahi kumtukana bila kumjua jina. Kwa miaka mingi alikuwa mshika kibendera wa mechi za mchangani huku kwetu Mtoni. Goti lilipomgomea akapata kazi ya kukaa: kuifundisha kompyuta kuufuata mpira kwenye video. Alipewa picha mojamoja, na katika kila picha aliuzungushia mpira kiboksi, ili baada ya maelfu ya picha mashine iuone yenyewe. Nilimtania kwamba uzeeni amerudi chekechea kuchora. Hakucheka.

Siku moja nilimkuta kwenye picha ya kona: miguu tu na vumbi. Palikuwa na kitufe cha "hauonekani", lakini yeye akachora kiboksi katikati ya vumbi. Nikamuuliza mpira ameuona wapi. "Sijauona, ila upo hapa," akasema. "Mshika kibendera hasemi sikuona, braza. Ukisema sikuona mbele ya mashabiki wa Temeke, unarudi kwako umebebwa." Nilicheka mpaka machozi, na leo kicheko kile kinanitia aibu.

Maana mashine iliirithi hofu yake. Kwenye fainali ya mtaa, ambako ilitumika kumsaidia refa, ilionyesha mpira umevuka mstari, ndani ya vumbi, na kipa akaambiwa kauza mechi. Mimi nilikuwa nyuma ya goli lile na niliona vumbi tu. Hata hivyo, kwenye safu hii hii niliandika kwamba bao lilikuwa halali, kwa kuwa kiboksi kilisema hivyo. Kipa hakupangwa tena, na mpaka leo akienda dukani anazomewa. Wiki mbili kabla ya kufariki, marehemu alinipigia simu: "Lile kosa mie ndo niliifundisha mashine. Twende wote kwa yule kijana nikamwambie." Nikamjibu asubiri, nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuiharibia safu yangu jina.

Kipa alikuja mazikoni na akapokezana na wenzake kubeba jeneza. Tulipokuwa tunatawanyika akanifuata.

"Shikamoo, mzee. Si ulikuwa nyuma ya goli wewe? Ule mpira ulivuka?"

"Marahaba. Sikuona."

"Basi andika hivyo."

Nimeandika, na ninamwomba radhi mbele yenu. Ila usingizi wangu haujatulia. Nasikia wenye mashine ile sasa wanafunga kamera sokoni kwetu, zitambue wezi katika msongamano. Zitamzungushia mtu kiboksi, na nyinyi mnajua watu wetu humfanya nini anayeitiwa mwizi. Kabla hamjaokota mawe, ulizeni aliyezifundisha alikuwa anaogopa nini. Wa mpira nilimjua, na tumemzika. Wa sokoni simjui.