Majibu Niliyomkaririsha Zuwena

Sikumaliza shule, lakini kila kitu napenda kukichungulia. Siku hizi nasimamia duka la intaneti mtaani Mlandege, ambako Bi Salma, mwanasaikolojia, huja kusomea kwenye kompyuta namna ya kuwapima watoto wanaoshindwa kusoma. Alikuwa akifanya mazoezi ya maswali na majibu yake kwa sauti, nami nyuma yake nikayahifadhi, nikajiona nshakuwa mtaalamu.

Alipokubali kumpima Zuwena, mtoto wa dada yangu, niliogopa. Nilidhani akifeli ataachishwa shule, kama nilivyoachishwa mimi. Basi nikamfundisha majibu kama tulivyosomeshwa Kurani chuoni: mimi natamka, yeye anaitikia, mpaka yakamkaa.

Siku ya kipimo Bi Salma alifungua picha ya kwanza. Kabla hajauliza, Zuwena alifumba macho, akaanza kuyumbayumba, akayasoma majibu yote kwa ghibu hadi la mwisho.

"Nani kakusomesha, mwanangu?"

"Mjomba."

Bi Salma akanigeukia. "Hapa hakuna kufeli. Nilitaka kujua anakwama wapi, nipate kumsaidia. Sasa kipimo hichi hakinambii kitu."

Zuwena alinitazama kwa furaha. "Mjomba, nimepata yote?"